Namna ya Kulainisha na Kutunza Bunduki ya Bolti ya Easofti

Bunduki ya bolti inayotumiwa na wadunguaji katika easofti, yaani mchezo wa kulengana kwa gololi za plastiki, ni chombo chepesi kueleweka. Ndani yake mna springi moja, pistoni moja, silinda moja, mtutu mmoja mwembamba wa ndani na kipande cha raba kisichozidi ukubwa wa ncha ya kidole. Aina ninayoieleza hapa haina betri wala gesi, na kila gololi ya plastiki ya milimita 6 inayotoka imesukumwa na nguvu ya mkono uliovuta bolti, yaani kile kipande kinachovutwa nyuma ili kuikoki bunduki. Kwa sababu ya wepesi huo, wachezaji wengi hudhani kwamba kuitunza ni kuipulizia mafuta kila inapoonekana kavu. Nimekuwa nikiwafungulia wenzangu bunduki zao hapa Uingereza, mara nyingine kwenye meza ya jikoni na mara nyingine juu ya boneti ya gari pembeni mwa msitu, na bunduki nilizozikuta zimeharibiwa na wingi wa mafuta ni nyingi kuliko zilizoharibiwa na ukavu. Kwa hiyo mwongozo huu utaeleza mahali pa kupaka, na utatumia muda mwingi zaidi kueleza mahali pasipopakwa kitu.

Mfano nitakaoutumia ni VSR-10 ya kampuni ya Tokyo Marui ya Japani, kwa kuwa ndiyo iliyoigwa na watengenezaji wengi, na mwenye nakala kama BAR-10 ya JG atakuta mpangilio wa ndani ni ule ule au unakaribiana sana. Jambo moja kuhusu asili yake lina uzito katika matunzo. Sheria ya Japani hairuhusu bunduki ya gololi za milimita 6 ipite kiasi cha joule 0.98 (joule ni kipimo cha nishati ya gololi inapotoka), na sehemu za awali za VSR-10 zilibuniwa kubeba springi ya nguvu hiyo. Huku Uingereza sheria ya mwaka 2017 iliweka kikomo cha joule 2.5 kwa bunduki ya kufyatua moja moja, na viwanja vingi hukubali bunduki ya bolti ifike futi 500 kwa sekunde kwa gololi ya gramu 0.20, yaani karibu joule 2.3, kwa sharti kwamba mdunguaji asimpige mtu aliye karibu naye kuliko mita 30. Mchezaji anayebadilisha springi ili afikie kiwango hicho huwa ameongeza mzigo zaidi ya mara mbili juu ya meno ya kifyatulio ambayo hayakutengenezwa kwa kazi hiyo, na kama hakubadilisha meno hayo pamoja na pistoni, hakuna grisi itakayoyaokoa.

Kabla ya bisibisi kugusa skrubu yoyote, toa magazini, kisha usiamini kwamba bunduki ni tupu. Katika aina hii gololi moja au mbili hubaki kwenye njia ya kulishia hata baada ya magazini kutoka. Elekeza mtutu mahali salama, vuta bolti, fyatua, rudia mpaka uhakikishe kwamba kinachotoka ni hewa tupu, na umalizie ukiwa umefyatua ili springi ibaki imelegea. Vaa miwani ya kuchezea hata kama uko nyumbani peke yako. Tandika kitambaa chepesi cha rangi nyeupe juu ya meza, kwa sababu springi ndogo za kifyatulio zikidondoka kwenye zulia utazitafuta kwa sumaku hadi usiku, na piga picha kwa simu kila unapotoa kipande, maana mkono unaofungua kwa uhakika saa nne asubuhi husahau mpangilio ifikapo saa sita mchana.

Vilainishi vinavyohitajika ni vitatu tu. Cha kwanza ni grisi ya silikoni, nzito kiasi, kwa ajili ya oringi ya pistoni, yaani pete ya raba inayozuia hewa isivuje. Cha pili ni grisi nyeupe ya litiamu, au ile nyeusi yenye molibdeni, kwa ajili ya sehemu ambazo chuma hukwaruzana na chuma chini ya mzigo mkubwa. Cha tatu ni kilainishi kikavu cha tefloni kwa ajili ya sehemu ya nje ya silinda. Ongeza chupa ndogo ya spiriti ya aisopropili, vipande vya fulana kuukuu ya pamba iliyofuliwa mara nyingi, mswaki wa meno uliostaafu, spana za L na bisibisi ya nyota.

Naomba msomaji asipeleke mkono kwenye mafuta ya cherehani. Najua yamo karibu katika kila nyumba niliyopata kuingia, na ni mafuta mazuri kwa cherehani, lakini ni mafuta ya madini, na baadhi ya raba huvimba na kulainika zikikaa ndani yake. Zipo oringi za naitrili zinazoyavumilia, ila mtumiaji hawezi kujua kwa macho oringi yake ni ya aina gani. Mafuta ya mgando ya kupaka mwilini yana tatizo hilo hilo. Mafuta ya kula ni mabaya zaidi, kwa kuwa baada ya muda hugeuka ulimbo unaonata kama ule wa sufuria ya kukaangia isiyosuguliwa. Lile kopo la kupulizia ambalo mafundi hulitumia kulegeza nati zilizoshika kutu lina kiyeyushio ndani yake, nalo litaosha grisi yote uliyoipaka kisha liache utando usiofaa kwa kazi yoyote ya ndani.

Kufungua kwenyewe hakuchukui muda mrefu. Skrubu mbili za chini ndizo zinazoshika mwili wa bunduki kwenye kitako, na zikitoka, mtutu na mwili wote huinuka kama kitu kimoja. Hapo boksi la kifyatulio huonekana wazi, limefungwa chini ya mwili, na likishafunguliwa silinda huvutwa nyuma pamoja na mkono wa bolti mpaka itoke yote. Ukiwa na mchoro wa mtengenezaji, uweke mbele yako, kwa kuwa nakala hutofautiana katika mambo madogo kama skrubu ya mkono wa bolti. Sehemu inayohitaji tahadhari ni kufungua kichwa cha silinda, yaani kile kifuniko cha mbele chenye nozeli, kijibomba kinachotoa hewa. Springi huwa na mkazo kidogo hata kama haikukokiwa. Shika kichwa kwa kitambaa kizito, kielekeze mbali na uso wako, na ukilegeze polepole hadi uhisi kwamba hakisukumi tena.

Sasa futa kila kitu. Hapa ndipo watu wengi hukosa uvumilivu na kupaka grisi mpya juu ya ile ya zamani. Ukiichukua ile grisi ya zamani kwa kidole na kuisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, mara nyingi utasikia chembe, kwa sababu vumbi na unga wa chuma vimeingia humo, na grisi iliyochanganyika na mchanga ni msasa. Ndani ya silinda pitisha kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti cha mbao, si bisibisi, mpaka kitambaa kitoke kama kilivyoingia. Spiriti itumike kwenye chuma. Kwa oringi ya pistoni kitambaa kikavu kinatosha.

Itazame oringi hiyo kwa makini ukiwa karibu na dirisha. Oringi nzima ni ya mviringo kote na huwa na mng'ao hafifu. Iliyochoka huwa imebanjuka upande mmoja, au ina mstari mwembamba wa mkato uliosababishwa na ukingo wa silinda wakati wa kuiingiza. Kuna jaribio moja la kuipima ambalo sijaona la kulipita. Funga kichwa cha silinda, ingiza pistoni bila springi, ziba tundu la nozeli kwa kidole, kisha isukume pistoni mbele. Silinda inayoziba vizuri itakataa, na ukiachia pistoni itarudishwa nyuma na hewa uliyoibana, kama bomba la kujazia upepo baiskeli lililozibwa mdomo. Ikisonga mbele taratibu huku ukisikia mluzi mwembamba, hewa inavuja. Ikiwa mluzi unatoka nyuma, oringi ndiyo yenye kosa, na ikiwa unatoka mbele, kichwa hakikukazwa vizuri au kinahitaji duru moja ya utepe mweupe wa mafundi bomba kwenye nyuzi zake.

Upakaji wa grisi ya silikoni ndio moyo wa kazi hii, na kipimo chake ni kidogo kuliko unavyofikiri. Chukua kiasi cha punje moja ya mchele kwenye ncha ya kidole na uizungushe juu ya oringi mpaka ing'ae pande zote, kisha ukipitishe kidole kile kile, bila kuongeza kitu, ndani ya ukuta wa silinda. Ingiza pistoni, ivute na kuisukuma mara kumi, itoe tena, na uitazame sehemu ya mbele ya pistoni pamoja na upande wa ndani wa kichwa cha silinda. Weupe wowote uliorundikana hapo ni grisi ya ziada, na ni lazima ufutwe wote, kwa sababu pistoni inaporuka mbele husukuma hewa kwa kasi kubwa kupitia nozeli, na hewa hiyo hubeba kila kilichokaa mbele yake mpaka kwenye raba ya hopapu.

Raba hiyo ndiyo sababu ya mimi kushikilia suala la kipimo. Hopapu ni kile kifaa kinachoibana gololi kidogo kwa juu inapopita, ili itoke ikizunguka kwa kurudi nyuma na hivyo ielee hewani mbali zaidi. Kazi yote hiyo inategemea mkwaruzo kati ya raba na plastiki. Raba iliyopakwa mafuta haishiki. Gololi moja itazungushwa vizuri, inayofuata itateleza na kudondoka, ya tatu itakwenda kushoto. Tena hata mafuta ya silikoni, ambayo hutangazwa kuwa salama kwa raba zote, huvimbisha raba iliyotengenezwa kwa silikoni yenyewe, na raba nyingi za hopapu ni za silikoni.

Mimi mwenyewe nilijifunza hayo kwa aibu. Katika msimu wangu wa kwanza nilipuliza silikoni ndani ya mtutu kupitia mdomo wa mbele, nikapitisha kitambaa mara moja, nikaridhika na jinsi ulivyong'aa. Kesho yake nilikaa chini ya mti karibu saa nzima nikimsubiri mtu apite, na alipopita, kiasi cha hatua 50 mbele yangu, gololi ya kwanza ilidondoka miguuni mwake na ya pili ikapita juu ya kichwa chake kama ndege aliyeshtuliwa. Alisimama akatazama huku na huko, akaniona, akacheka. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Jioni ile nilitoa vitambaa kumi na viwili kabla kimoja hakijatoka kikavu, na raba nililazimika kununua nyingine.

Kwa hiyo mtutu wa ndani husafishwa, haupakwi. Zima hopapu kabisa kwanza ili raba iinuke kutoka kwenye njia. Chukua kijiti cha kusafishia cha plastiki au alumini, kwa kuwa mitutu mingi ya ndani ni ya shaba nyeupe na chuma kigumu huichubua, na uweke alama ya utepe kwenye kijiti ili ujue mahali pa kusimama kabla ya kugonga raba. Kwa VSR-10 yenye mtutu wa milimita 430 mimi huweka alama kwenye sentimita 40. Kipande cha fulana kiwe kikavu mara ya kwanza, kiloweshwe tone la spiriti mara ya pili, kisha vifuate vikavu mpaka kimoja kitoke kisafi. Kitambaa kinachotoka na rangi ya kijivu kavu kinaonyesha unga wa gololi, na hilo ni jambo la kawaida. Kinachotoka kikiwa na mng'ao wa mafuta kinakuambia kwamba silinda inatema grisi, na dawa yake iko kwenye silinda.

Raba yenyewe mimi huitoa mara moja kwa mwaka. Huoshwa kwa maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, husuuzwa, na kuachwa ikauke kivulini. Wakati wa kuirudisha, kijistari kilicho juu yake kikae sawasawa katika mfereji wa mtutu, maana ikipinda hata kidogo gololi zote zitakuwa zinakata kona upande mmoja, na mwenye bunduki atailaumu darubini.

Kwenye boksi la kifyatulio hali ni tofauti, na hapo grisi ina haki yake. Meno yanayoshika pistoni wakati bunduki imekokiwa hukwaruzana chini ya mzigo wote wa springi kila unapofyatua. Springi inayoandikwa M150 huitwa hivyo kwa kuwa hukusudiwa kurusha gololi ya gramu 0.20 kwa takriban mita 150 kwa sekunde, na mzigo wake wote hukaa juu ya ukingo wa chuma usiozidi upana wa milimita chache. Paka grisi ya litiamu au ya molibdeni kwa ncha ya kijiti cha kuchokolea meno kwenye nyuso zinazogusana tu, kisha uendeshe kifyatulio kwa kidole mara kadhaa na ufute kilichotoka nje. Tazama ukingo wa jino ukiwa na mwanga wa tochi. Ukiwa mkali na ulionyooka, uko salama. Ukiwa umeviringika, au ukiona chembe za chuma zinazometa ndani ya grisi ya zamani, badilisha kipande hicho kabla ya mchezo unaofuata. Bunduki inayojifyatua yenyewe wakati wa kusukuma bolti mbele haitengenezwi kwa grisi, na haifai kuingia nayo uwanjani hata kwa siku moja.

Springi yenyewe inahitaji kiasi kidogo tu cha grisi hiyo hiyo kwenye ncha zake mbili, inapokaa ndani ya pistoni na kwenye kiongozi chake, yaani kijiti kinachoishikilia kwa nyuma, ili ijizungushe kwa uhuru inapobanwa. Mlio wa mkwaruzo unaosikika wakati wa kuvuta bolti mara nyingi hutoka hapo. Upande wa nje wa silinda, unaoteleza ndani ya mwili wa bunduki, ndio unaopata tefloni kavu: puliza kwenye kitambaa, paka, subiri dakika kumi ikauke, kisha futa. Wapo wanaopendelea grisi hapo kwa sababu bolti huwa laini zaidi siku ya kwanza. Ni kweli, lakini sehemu hiyo hufunuka kila unapokoki, na baada ya kulala kifudifudi kwenye matope na majani makavu kwa siku nzima grisi hiyo huwa imekusanya kila kitu.

Unaporudisha kitako, kaza skrubu zile mbili kwa zamu, robo mzunguko kila moja, na usimame mkono unapohisi ukinzani. Skrubu ya mbele ikikazwa kupita kiasi huweza kuupinda mwili kidogo, na bolti iliyokuwa ikiteleza huanza kukwama. Nimewahi kuletewa bunduki ya namna hiyo na mwenyewe akiwa ameshamimina nusu ya kopo la silikoni ndani. Nililegeza skrubu nusu mzunguko na bolti ikapita.

Ratiba haina haja ya kuwa nzito. Bunduki ya bolti hufyatua pengine gololi 100 au 200 kwa siku nzima, tofauti na zile za betri zinazomaliza maelfu, hivyo grisi ya ndani hukaa miezi mingi. Mimi hupitisha vitambaa mtutuni na kufuta silinda kila nikirudi nyumbani, hupaka tefloni baada ya michezo mitatu au minne, na hufungua silinda yenyewe mara mbili kwa mwaka isipokuwa kasi ikibadilika. Gololi zilizoanguka chini hazirudi kwenye magazini, hata kama ni zile nzito za gramu 0.40 zenye bei ya kuuma, kwa kuwa chembe moja ya mchanga huacha mchirizi wa kudumu kwenye mtutu.

Katika majira ya baridi kuna jambo moja zaidi. Bunduki iliyotoka nje kwenye baridi na kuingizwa ghafla kwenye chumba chenye joto hutoa jasho, nje na ndani. Usiifungie katika begi lake lenye sponji usiku ule. Ifute, iegemeze mahali penye hewa mpaka asubuhi, kisha iweke pamoja na vifuko viwili vya silika, springi ikiwa imefyatuliwa, hopapu imezimwa na magazini haina gololi ndani.

Baada ya kila ufunguaji, usiipeleke bunduki mchezoni moja kwa moja. Fyatua gololi 20 ili grisi isambae, pitisha kitambaa kikavu mtutuni, kisha pima kumi nyingine kwa kronografu, kifaa cha kupimia kasi ya gololi, na uandike kasi ya kila moja. Tofauti kati ya ya juu na ya chini ikizidi futi 10 kwa sekunde, mimi hurudi kwenye jaribio la kidole. Daftari langu la mwaka huu lina mstari mmoja wa mwezi Machi unaosomeka 488 hadi 471, na chini yake nimeandika kwa penseli: oringi imebanjuka, imebadilishwa, 491 hadi 487.